Mbwa Anayebweka Akikimbia

Kwa miaka minne baba yangu alizungumza nami kwa sentensi tatu. Kila Jumapili baada ya misa nilishuka kituo cha Porte de Namur, Brussels, nikaingia duka la simu mwanzoni mwa Chaussée d'Ixelles, nikajifungia kwenye kibanda chenye kiti kisichotulia, nikapiga simu nyumbani Likasi, Kongo. Aliyepokea ni baba, kwa kuwa simu ilikuwa yake. "Uko muzima? Bon. Ninakupatia mama." Halafu nilisikia kandambili zake zikiburutwa kwenda barazani.

Sikuwa na haki ya kulalamika. Alinituma Brussels kusomea umeme wa viwandani, nami mwaka wa pili nikaacha shule bila kumwambia, nikaanza kazi ya kuhudumia wazee na kukata majani kwenye bustani zao. Alikuja kuambiwa na mtu wa parokia yetu aliyerudi likizo. Mama alinieleza kwamba kilichomuumiza zaidi si shule. Kwa miezi minane alikuwa akijisifu juu yangu kwenye karakana ya reli, na wenzake walishajua ukweli. Mimi ningekuwa yeye ningenuna miaka kumi.

Kilichomfungua mdomo ni mbwa.

Katikati ya miaka ya elfu mbili nilifanya kazi siku tatu kwa wiki kwa mzee mmoja wa Kibelgiji huko Koekelberg, nyuma ya Basilika. Zamani alikuwa bwana shamba Katanga, mkoa wetu. Mke alishafariki, magoti yalimsumbua, lakini Kiswahili chake cha kule kilikuwa kizima, ingawa alikizungumza kama mtu anayegawa kazi asubuhi. Nilimfulia, nikampikia, na jua likitoka nilimpeleka bustanini akae kwenye benchi na kuwasema vibaya wapita njia. Siku moja mbwa mwembamba alipita mbele yetu akifukuza njiwa. Miguu mirefu, kifua kirefu, tumbo limeingia ndani, na manyoya yamesimama ovyo kama ufagio uliochakaa. Mzee aliinuka bila fimbo, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Ile haiko lévrier, imbwa ya mbio," alisema. "Ile ni métis. Njo imbwa ya kuwinda ya kweli."

Akanieleza tukiwa njiani kurudi, na akaendelea nilipokuwa nikimenya viazi. Waingereza humwita lacha. Si aina ya mbwa, ni mchanganyiko. Unachukua mbwa wa mbio, yule mwembamba wa mashindano, kwa ajili ya miguu. Unamzalisha na mbwa wa kazi, kwa ajili ya akili au moyo. Alipokuwa mdogo, wezi wa sungura vijijini kwao walikuwa nao. Sasa sheria ya Ubelgiji inakataza kuwinda nao, kwa hiyo wanaowapenda huwapeleka uwanjani wakafukuze mfuko wa plastiki unaovutwa kwa kamba. Nilicheka hadi nikaweka kisu chini. Yeye hakucheka.

Jumapili ile nilimsimulia mama habari za Wazungu wanaowindisha mbwa mfuko wa plastiki. Akacheka, akawasimulia waliokuwa sebuleni. Mara nikasikia simu inabadilisha mkono.

"Imbwa gani?" aliuliza baba.

Inabidi nieleze kwamba baba, nje ya reli, alikuwa mwindaji. Jumamosi aliondoka alfajiri na mbwa watatu kwenda kutafuta simbiliki, yule panya mkubwa wa kwenye majani marefu ambaye nyama yake inashinda ya kuku. Mbwa wetu wa kule hukimbia kimya, na majani huwameza, ndiyo maana aliwafunga kengele ya mti shingoni ili ajue wako wapi. Wa mwisho alikufa mwaka uliotangulia, na sikujua kama alitafuta mwingine. Basi nikamweleza kila nilichokuwa nakijua, na hakikufika dakika tatu.

"Iko na masikio ya namna gani?"

Sikujua.

"Utaniambia dimanche," akasema, yaani Jumapili inayofuata, akakata simu bila kumrudishia mama.

Nilitoka kibandani, nikaenda kununua mihogo ambayo sikuihitaji.

Kuanzia hapo nilikuwa mwanafunzi kuliko nilivyowahi kuwa chuoni. Mzee alifurahi kupata mtu wa kumsikiliza. Alinichorea mbwa nyuma ya bahasha za duka la dawa, na mimi nilimbishia. Kwa nini usichukue tu mbwa wa mbio mwenyewe? Kwa sababu ana miguu lakini hana la kufikiri, alisema. Na ngozi yake ni nyembamba, mwiba mmoja unaichana. Ukimchanganya na mbwa wa kuchunga kondoo, anapata akili na utii. Ukizidisha akili, anaanza kuamua badala yako. Ukimchanganya na teria, yule mdogo mkali anayeingia mashimoni, anapata moyo na manyoya magumu, lakini pia kichwa kigumu na kelele. Mkubwa sana hawezi kugeuka sungura anapogeuka. Mdogo sana anabaki nyuma. Nililala nikipiga hesabu za nusu na robo za damu za mbwa, mimi ambaye utotoni nilizunguka mtaa mzima kumkwepa mbwa wa jirani.

Na kila Jumapili baba alikuwa na maswali. Akiitwa, anakuja mpaka kwako, au anasimama mbali akuangalie? Akikamata, analeta mkononi au anaacha palepale majanini? Akichoka, anapumua kwa sauti? Nilirudi Koekelberg na maswali hayo, mzee akayajibu, au akakasirika kwa kutoyajua na kumpigia simu rafiki yake wa zamani aliyefuga. Wiki ya tano au ya sita baba akasema, "Unitafutie moya." Mtu mwingine wa parokia yetu alifanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege, akaniambia mbwa husafiri kila wiki ndani ya sanduku lao, si jambo la ajabu.

Hapo hamu ikachanganyika na hofu. Niliwaza kwamba nikimpelekea mbwa mwenye kasoro, tutarudi kwenye sentensi tatu, na safari hii hadi kaburini.

Jumamosi moja ya Mei mzee alinipeleka kwa yule rafiki, mama mmoja mwenye shamba magharibi ya mji, mwendo wa nusu saa kwa gari ambalo yeye mzee hakupaswa tena kuliendesha. Mama yule alikuwa na mbwa watatu wa mwaka mmoja waliokuwa wakitafutiwa mtu wa kuwachukua. Mzee aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akaniamuru. Shika mguu, tenganisha vidole, viwe vimekunjika na kubana. Pitisha mkono begani. Pima kifua. Angalia mgongo akiwa anatembea, si akiwa amesimama. Mikono yangu ilikuwa inanuka mbwa na nilikuwa na furaha kubwa.

Kisha mama akawasha mashine yake, gurudumu la baiskeli lililofungwa mota, na mfuko mweupe ukaruka juu ya majani. Wa kwanza kukimbia alikuwa dume mrefu mwenye ngozi laini. Sijawahi kuona kiumbe chenye mbio kama zile, lakini alirudi na mchubuko pajani kwa kupita tu kando ya ua. Nikamfuta akilini. Wa pili alikuwa wa kijivu, baba yake mbwa wa kondoo. Mara mbili alikimbia vizuri. Mara ya tatu akasimama katikati ya uwanja, akautazama mfuko unavyozunguka, akakata njia na kwenda kuusubiri mwisho wa kamba. Mzee alipiga paja kwa furaha. "Ule iko na kichwa," alisema.

Wa tatu alikuwa jike mdogo mwenye milia ya kahawia na nyeusi, manyoya makavu, damu ya teria imemjaa. Mama hakutaka kumtoa. Alituomba radhi kwanza. Mfuko uliporuka, jike akaondoka akibweka, akabweka uwanja mzima, akabweka kwenye kona, akaukamata mfuko huku bado anabweka puani, akauleta na kuuweka juu ya kiatu changu. Mama akasema ni kasoro isiyotibika. Mbwa wa namna hii anatakiwa kukimbia kimya. Anayepiga kelele anaamsha sungura wote na wenye shamba pia. Watu wawili walikuwa wameshamrudisha. Mzee hakumtazama mara ya pili.

Kesho yake nilimsomea baba ripoti. Nilikuwa nimeiandika. Nikamsifia yule wa kijivu, miguu, kifua, akili, jinsi alivyousubiri mfuko. Baba aliguna.

"Mu majani, akienda kusubiri kule, miye nitajua namna gani eko wapi?"

"Utamufunga kengele, Papa."

"Alafu wengine?"

Nikamsimulia habari za yule jike ili tu acheke. Sikumsikia akicheka.

"Ile njo ninataka," akasema.

"Papa, ile iko na kasoro. Hata mwenye kuilea anasema. Ile ya kijivu njo ya muzuri, hata rangi—"

"Rangi haina kazi."

Tuliagana vizuri, nikalipa, nikatoka hadi kwenye kituo cha basi. Sikupanda. Maneno yale yalikataa kunitoka. Baba yangu ndiye aliyekataa kabisa mbwa mweusi kwa kuwa hawezi kumwona kivulini. Mbwa wake wote aliwaita kwa rangi zao. Nikayapanga maswali yake ya wiki zote zile, moja baada ya jingine. Anakuja mpaka kwako? Analeta mkononi? Anapumua kwa sauti? Hakuuliza hata mara moja anafananaje. Masikio aliyouliza siku ya kwanza, sasa nilielewa, ni yale ambayo mkono unaweza kuyatambua.

Nilirudi dukani, nikaingia kibanda kilekile. Safari hii alipokea mama.

"Mama, Papa anaona?"

Akashusha sauti.

"Nani alikuambia?"

Kwetu aliyeko Ulaya haambiwi ugonjwa. Anaambiwa mazishi. Kila familia ninayoijua Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, ina hadithi yake, na nilikuwa nimezisikiliza zote nikiamini yangu ni tofauti. Nilikasirika. Nilimwambia mama kwamba mimi si mgeni, kwamba nina haki ya kujua, kwamba kunificha macho ya baba yangu ni kunizika mimi. Nilisema kwa sauti hadi mwenye duka akagonga kioo. Mama alisubiri nimalize.

"Na weye, shule, ulituambia lini?"

Nikasikia kandambili zinakuja.

"Alors, ulijua," alisema baba. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Ni presha ya macho, daktari alimweleza, na nuru iliyopotea hairudi. La kushoto limekwisha. La kulia limebaki na tundu dogo katikati, nalo linapungua.

"Sasa imbwa ulitaka ya nini, Papa?"

"Ninachoka kukaa pa barza. Kengele ninaisikia akiwa karibu tu, akienda mbali imekwisha. Yenye kulia, ningeifuata na fimbo. Nilifikiri vile." Akakohoa. "Alafu nilipenda kukuuliza maulizo. Donc, niliendelea."

Nililia, sioni sababu ya kuficha. Nikamwambia nitamtuma yule jike wiki hiyohiyo, sanduku lipo, mtu yupo.

"Hapana. Ile imbwa ya baridi, kupe watamumaliza mu miezi mbili. Umuache kwao." Nilisikia akihamisha simu kwenda sikio la pili. "Kuya weye. Lakini kuya mbele ya mvula. Hii jicho moya ingali na mwangaza ya kutosha kuona sura yako."

Mzee wa Koekelberg alinung'unika wiki nzima, kisha akanipa ruhusa na akatafuta mtu wa kunishikia kazi. Mama wa shamba aliamua kubaki na yule jike mwenyewe.

Mwezi wa tisa nilikuwa Likasi. Baba hakunikumbatia mlangoni. Alinishika mkono akanipeleka dirishani, akaniketisha kwenye kiti, akageuza kidevu changu kuelekea jua. Halafu akasogea karibu sana, akaanza kunitazama kipande kwa kipande, paji la uso, jicho, jicho la pili, pua, mdomo, akirudia pale alipokuwa amepita. Mama aliita chakula mara mbili. Hatukumjibu, na mimi sikusogea.