Tanuri Nililoliziba

Mwanangu, katika siku za ujana wangu ipo moja ambayo haijanitoka: siku niliyomwagia jiwe maji mbele ya wanawake wa kijiji, na jiwe likanyamaza.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kupangiwa kufundisha kemia Nachingwea, mahali nisipopajua. Kijiji kimoja upande wa Narung'ombe kilikuwa kikijenga chumba cha kujifungulia kando ya zahanati. Saruji haikupatikana, na kuta zilipaswa kusimama kabla ya mvua. Wakaamua kuchoma chokaa kwa mawe meupe ya mlimani, nami nikaitwa kusaidia kwa kuwa ndiye niliyesomea mambo hayo.

Mchomaji alikuwa Bibi Somoe, mjane aliyejifunza kazi hiyo kwa baba yake huko pwani ya Lindi. Tanuri lake lilikuwa la udongo, wazi juu, na matundu chini. Nilipoona joto likipotelea hewani niliumia, maana kuni zile wanawake walikuwa wamezibeba vichwani siku nne. Nikapiga hesabu daftarini. Ilikuwa hesabu ya nishati huru, yaani ile inayotuambia kama badiliko litakwenda lenyewe au halitakwenda. Ikaniambia kwamba jiwe likipata moto hadi kuwa jekundu, lazima ligeuke chokaa. Basi ya nini kupoteza joto? Nikaagiza tanuri lizibwe juu na chini, kama wachoma mkaa wanavyofukia magogo. Bibi Somoe alisema tu kwamba jiwe si mkaa. Nikamjibu kwamba kanuni haijui pwani wala bara. Waliniheshimu, mwanangu. Wakaziba.

Siku ya tatu asubuhi tukafungua, nami nikapewa kata ya maji. Chokaa iliyoiva ikipata maji hufoka, huvimba, kisha humeguka ikawa unga. Maji yangu yalitiririka tu.

"Mwalimu katuokea mihogo ya mawe," mama mmoja akasema taratibu. Kicheko kilichofuata hakikuwa kirefu, kwa sababu kila mmoja alikuwa akitazama mahali kuni zilipokuwa.

Bibi Somoe hakucheka. Aliniwekea jiwe bichi katika kiganja kimoja, na katika kingine kipande cha chokaa ya zamani, ukubwa uleule.

"Kipi chepesi, Mwalimu?"

"Hiki cha chokaa, Bibi."

"Basi kuna kitu kilitoka humo. Wewe umekifungia mlango. Ulitaka kipite wapi?"

Nilivichukua vipande vile nikavipima katika mizani ya maabara, na juma zima sikuwaza kingine. Jiwe lile likichomwa hutoa hewa. Hewa hiyo ikifungiwa, hujazana na kuanza kurudi katika chokaa na kuifanya jiwe tena, mpaka kutoka na kurudi kulingane. Kwa nje utadhani kumelala, kumbe ndani safari zinaendelea pande zote mbili, na nishati huru haina tena upande wa kusukumia. Kweli, moto wangu nao ulikosa pumzi, na tanuri lilipopoa kurudi huko kukazidi. Lakini kosa kubwa lilikuwa daftarini: nilisoma joto peke yake, nikasahau kuuliza ni hewa kiasi gani iliyokwisha kutoka bado imekaa humo humo. Somo hilo nilikuwa nimelijibu vizuri sana kwenye mtihani.

Nikarudi kijijini kuomba radhi, nikaingia porini na wanawake kutafuta kuni nyingine. Kila nilipoangusha mzigo wangu waliniuliza kanuni inasemaje kuhusu kata ya kichwani, ile ngata ya kuwekea mzigo. Safari hii tanuri likachomwa wazi. Nilipomwaga maji, jiwe lilifoka hadi nikaruka nyuma, na mvua ilikuta kuta zimesimama.

Miaka mingi baadaye nilipita pale, nikaugonga ukuta kwa kidole. Ulikuwa mgumu kama mwamba. Chokaa hukaa ukutani ikiivuta tena hewa yake kidogo kidogo, mpaka inakuwa jiwe. Lile badiliko lililoniaibisha tanurini ndilo linalowasitiri akina mama wanaojifungua.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Elimu uliyoipata ishike, wala usiionee haya, lakini kabla hujaagiza watu, uliza kanuni yako imedhani nini kuhusu mahali uliposimama. Ukiona jambo limetulia, usifikiri limekwisha; chungulia nini kinatoka na nini kinarudi. Na anayejua kazi kwa mikono yake akikuambia neno moja tu, kaa chini umwombe la pili. Mimi sikumwomba, na zilizolipia ni shingo za wengine.

Mungu akujalie akili inayouliza na masikio yasiyozibwa. Na kila ukuta utakaoujenga, mvua ikukute umekwisha kuusimamisha.