Mama Alivyokataa Kulala

Mama alikuwa akiuza vitumbua sokoni Kariakoo. Asubuhi moja mdomo wake ulikwenda upande, akaanguka kando ya jiko. Hospitali walisema ni kiharusi. Aliporudi nyumbani mkono wa kulia ulikuwa umelegea, na maneno yalikuwa hayamtoki.

"Mnyooshe viungo, umtembeze kila siku," muuguzi aliniagiza.

Niliacha nyumba ya mume wangu nikaja kumuuguza. Tulitembea hadi Mnazi Mmoja, yeye akiburuta mguu, mimi nikiogopa kila jiwe. Nikimlaza, anaamka. Nikimketisha, anasimama.

Siku moja nilitoka bombani nikakuta kitanda kitupu. Niliacha ndoo mlangoni, nikakimbia mtaa kwa mtaa nikiulizia. Nilimkuta sokoni, kwenye kibanda cha shoga yake, akigeuza vitumbua kwa mkono wa kushoto.

"Mama, utaniua kwa presha!"

Alihangaika na ulimi mpaka jasho likamtoka. "Ku... kulala ndiko kunaua," akasema.

Zilikuwa wiki nyingi sijaisikia sauti yake. Nilivuta kigoda, nikamshikia bakuli la unga. Mkono wake wa kulia haukupona, ila hakukosa sokoni tena.