Nguzo ya Saba, Bweni la Bwera

Wewe cheka tu, lakini haya yalinikuta mimi, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja hata tone. Kazi yangu ni kukagua majengo kwa kompyuta. Hapa kwetu Kasese ardhi hutikisika, kwa hiyo jengo hutikiswa kwanza ndani ya programu, tuone kila nguzo itasogea kiasi gani.

Mwalimu mkuu wa shule moja ya Bwera alitaka saini yangu ili wasichana wahamie bweni jipya Jumatatu. Nikaingiza michoro, nikalitikisa. Nguzo nyingine zote zikasogea upana wa kidole. Ya saba ikasogea karibu nusu mita, tena chini kabisa, pale iliposhikwa na msingi. Inawezekanaje? Nikakagua vipimo, huenda nimechanganya mita na milimita. Nikakagua uzito, nikakagua msingi. Nikafuta kila kitu, nikachora upya. Ikawa ileile.

Sasa nikiri upumbavu wangu. Niliiunganisha nguzo ile na nguzo za jirani ndani ya programu ili namba zipendeze. Wahandisi tunaujua mchezo huu. Nikasaini karatasi, nikaitia mfukoni. Asubuhi nilipofungua tena, hata zile nguzo za jirani zilikuwa zinasogea.

Nikawasha pikipiki hadi Bwera. Verandani walikuwa wamemwaga zege muda mfupi uliopita, bado bichi. Mzee mmoja, Mkongo kwa lafudhi, futi ya kupimia mkononi, akakatiza juu ya zege lile akinijia. Nilitaka kumkemea, akaniwahi kwa sauti ya chini:

"Injinia, ile ya saba haiko na miguu. Iko nasimama juu ya mutu."

Nikatazama zege. Halikuwa na hata unyayo mmoja. Nilipoinua macho, mzee hayupo.

Nikamwendea nyapara wa mafundi, nikamsimulia habari za mzee na futi yake. Akaketi juu ya mifuko ya saruji akalia. Shimo la nguzo ya saba lilikuwa limemwangukia fundi mmoja, mkimbizi wa kutoka Beni, asiye na ndugu huku. Kwa kuogopa polisi, walimwaga zege juu yake, bila hata kufikia ardhi ngumu. Michoro ilionyesha msingi mzima. Programu ilijuaje?

Tulibomoa. Tulimkuta na futi mkononi. Padri akamzika, wasichana hawakuhamia, nami nilisimama kaburini na ile karatasi mfukoni, nimeshaisaini. Aibu ile haijanitoka.

Tangu hapo, kila jengo ninalofungua, la Katunguru au la Kinyamaseke, nguzo ya saba husogea. Haitulii mpaka niende kuliona shimo lake kwa macho yangu. Nawe unayefanya kazi hii, namba ikikukatalia, usiilazimishe. Nenda kwanza ukaone ni nani yuko chini.