Biti Moja kwa Mlango wa Mninga

Kabla ya useremala nilikuwa nachoronga miamba mgodini, upande wa Bugarama. Huko nilizoea kuisikiliza biti, ile ncha ya chuma inayotoboa mwamba. Ikianza kulia kwa sauti nyembamba, imechoka, na ukiilazimisha unaharibu kazi. Nilipofungua karakana yangu Ibadakuli na kununua ruta, ile mashine ya mkono inayochonga urembo kwenye kingo za mbao, sikuwa mgeni wa vyuma vinavyozunguka.

Asubuhi moja mama mtu mzima wa Kishapu aliteremsha mbao za mninga mlangoni kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nataka mlango. Mbao ndizo hizi tu, hakuna nyingine."

Mumewe, marehemu, alizitunza miaka mingi juu ya dari. Nilizipima, zikatosha bila hata ubao mmoja wa akiba. Nikamwambia aje baada ya siku tatu, nikaenda Kahama kutafuta biti ya ruta.

Muuzaji alinifungulia sanduku lenye biti za kila umbo, zinang'aa kama vijiko vya harusi. "Chukua seti nzima, fundi." Nilizigeuza moja moja mwangani. Meno yalikuwa yamechomelewa vibaya, mengine yana vitundu pale yalipoungana na shina. Nikaziacha. Nilichagua biti moja ya kuviringa ukingo, yenye shina nene lisilotetemeka, meno manene, na beringi nchani, kigurudumu kidogo cha kuiongoza kwenye ubao. Nilipoipitisha kwenye ukucha, ilikwangua unga mweupe. Hiyo ndiyo niliyorudi nayo.

Mama alikuja siku hiyohiyo niliyoanza kuchonga, akavuta kigoda. Niliijaribu biti kwanza kwenye kipande cha msonobari. Kisha nikashika mninga. Nilianza na ncha za ubao, kwa sababu huko ndiko nyuzi hubanduka, halafu nikafuata urefu. Mashine niliisukuma kinyume na mzunguko wa biti. Ukiufuata, inakuponyoka mikononi. Nilikula ubao kidogo kidogo, mara tatu, badala ya kuumaliza kwa mkupuo. Unga mwekundu ukajaa miguuni. Ukingo ukatoka laini, nami nikajua kazi hii haitanishinda.

Ubao wa mwisho ulikuwa na doa jeusi ukingoni, refu kama kiganja. Mtu aliwahi kuuchonga kwa biti butu, akasimama mahali pamoja mpaka mti ukaungua. Nikachukua randa.

"Fundi gani huyu aliyekuunguzia?" nikauliza.

Mama akainuka. "Hiyo iache."

Randa ikabaki hewani.

"Ni mume wangu," akasema. "Aliazima mashine ya jirani, akataka kunitengenezea mlango mwenyewe. Moshi ulipotoka alicheka mpaka akakaa chini. Mwezi uliofuata akaugua."

Niliirudisha randa mezani. Ningeweza kumwambia kwamba ukingo ulioungua haupendezi, na angenikubalia kwa sababu mimi ndiye fundi. Badala yake niliugeuza ule ubao ili mlangoni doa liangalie ndani ya nyumba, nikachonga upande wa pili tu. Nilisimamisha biti upana wa kidole kimoja kabla ya kufika kwenye pembe ili urembo ukutane vizuri na ubao wa jirani. Kukata hivyo, bila kufika mwisho, kunataka mkono usio na wasiwasi. Wangu ulikuwa umetulia.

Mlango ulipokamilika, mimi na mama tuliupeleka Kishapu kwa gari la mizigo. Niliufunga kwenye fremu kabla ya saa sita, ukazunguka kwenye bawaba bila kukwaruza sakafu. Mama aliufunga na kuufungua mara kadhaa, kisha akaita jirani zake waje kuona. Mmoja alipapasa kingo, akauliza kama naweza kumchongea kabati la vyombo.

"Mbao zako ni za mti gani?" nikamuuliza.

"Mkongo."

Nikamwambia anioneshe. Mkongo ni mgumu, na kwa mbao hizo nitahitaji biti nyingine. Lakini kwanza tuliitwa ndani, tukakaa kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga.