Salamu Zilizomaliza Vocha

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau mpaka leo, na juzi umenirudisha hukohuko. Ulinipigia kutoka stendi ya Makambako, ukaniuliza habari za nyumbani, za kuku, za viazi, za kwaya, ukacheka, kisha ukasema, "Shangazi, kuna jambo..." Simu ikakata. Nikapiga mimi, hupatikani. Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Kumbe umesahau sweta, na leo umeirudia! Nilikasirika, lakini si kwa sababu ya sweta. Kaa nikueleze, maana najua baba yako hajawahi kukusimulia.

Wakati huo mama yetu, yaani bibi yako, alikuwa amelazwa hospitali ya Ikonda, kule Makete. Ugonjwa ulikuwa umefika mbali na daktari hakutuficha. Alisema kama kuna mtu ambaye mgonjwa angependa kumwona, basi aje upesi. Mama hakuomba kitu kingine isipokuwa Eliudi. Huyo ndiye baba yako, kifungua mimba wake, aliyekuwa Mwanza akifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Kila mlango wa wodi ulipolia, mama aligeuza kichwa.

Basi mimi na babu yako tukaja Njombe kumpigia simu. Siku hizo simu haikuwa ya kila mtu. Ulikwenda kibandani, ukanunua vocha, ukaikwangua kwa ukucha, mwenye kibanda akaziingiza zile namba kwenye simu yake, ndipo ukapiga. Na kupiga mbali kulikuwa kunakula vocha haswa. Mama wa kibanda alikuwa amebakiwa na vocha moja tu, tena ile ndogo. Nje, gari la kurudi Makete lilikuwa limeshawashwa, na siku hiyo hapakuwa na jingine.

Babu yako alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa adabu zake. Alivua kofia, akashika simu kwa mikono miwili, akaanza na salamu ya kwetu.

"Kamwene!"

"Kamwene, baba!" Eliudi alikuwa ameitwa kwenye simu ya msimamizi wake, na alivyopaza sauti sote tulimsikia.

"Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka salama, baba."

"Mkamwana wangu hajambo? Kazi je? Mvua zinanyesha? Kanisani mnakwenda?"

Kila swali likajibiwa vizuri, kwa heshima zote. Kisha akauliza habari za mtoto. Mtoto mwenyewe ni wewe. Eliudi akaeleza jinsi ulivyoota jino, na babu yako, na haraka yote ile, akataka kujua ni la juu au la chini! Nilitaka kulia. Mama wa kibanda naye akashindwa kuvumilia.

"Mzee, sema shida kwanza, vocha inakwisha!"

Baba akamnyooshea kiganja anyamaze. Kwake yeye, kumrushia mtu habari mbaya kabla hamjasalimiana ni sawa na kumpiga kofi. Nami binti yake ningewezaje kumpokonya simu?

Ndipo Eliudi akauliza, "Na nyumbani je, baba? Mama hajambo?"

Unajua sisi tunavyojibu. Hata kama nyumba inaungua, kwanza utasema salama, ndipo useme ila. Baba akajibu, "Mama hajambo, ila..."

Kimya. Baba hakujua. Aliendelea kuongea, "Ila amelazwa, mwanangu, anakuita, njoo," akiieleza simu iliyokwisha kukata. Mama wa kibanda akaichukua taratibu mikononi mwake.

Tukakimbilia vibanda vya jirani, vocha hakuna. Gari likapiga honi, tukapanda. Njia nzima baba alikuwa akirudia, "Atakuwa ameelewa. Lazima ameelewa." Eliudi alichoelewa ni kwamba mama yake hajambo, akarudi kazini na furaha yake.

Tulipoingia wodini, mama hakungoja tukae.

"Eliudi amesemaje?"

Baba akatazama dirishani. Nikajibu mimi, "Anakusalimu, mama."

"Ananisalimu tu?"

Hakuuliza tena, wala hakugeuza kichwa tena mlango ulipolia. Tulikuwa tunangoja gari la kurudi Njombe kupiga tena, lakini Jumapili haikumkuta.

Eliudi alipata habari ya msiba, akafika tumeshazika. Alisimama uani na begi lake, ndani yake mna kitenge alichomnunulia mama, akamwuliza baba, "Si ulisema hajambo?" Babu yako, aliyekuwa na neno kwa kila mgeni, alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama alivyoishika simu ile.

Tangu siku hiyo, kila aliposhika simu alianza hivi: "Hakuna mgonjwa. Kamwene." Wapo waliodhani uzee umemharibia adabu. Na baba yako, ukimpigia, kabla hujafungua mdomo anauliza, "Nani anaumwa?" Nanyi mnamcheka, mnasema mzee ana wasiwasi. Sasa umejua.

Mwanangu, siku hizi hukwangui vocha, unanunua bando kwenye simu yako, lakini bando nalo linakwisha, tena katikati ya neno. Usipige simu ya mbali kabla hujaangalia salio. Bakiza akiba, usiichezee kwa vicheko vya stendi, kwa sababu hujui kesho utahitaji kumwita nani. Shika moyoni namba ya mtu mwingine wa hapa nyumbani, nisipopatikana mimi. Na unapokuwa na neno zito, litangulize. Lisemwe likiwa bado lina nafasi ya kusikiwa. Mtu anayekupenda hatakuona huna adabu kwa kuanza na shida. Atakayeumia ni yule uliyemwacha na "hajambo, ila". Mimi salamu nazipenda kuliko sukari, nawe wajua, lakini zile za kibandani zilimnyima mama yangu mwanawe.

Haya, safari njema. Mungu akulinde barabarani, akupe watu wa kuwapigia na watu wa kukupokelea, na neno lako lifike kabla simu haijakata. Ukifika huko Mwanza nipigie. Anza na "nimefika." Salamu nitazisubiri.