Mwanamke Aliyepanda Paa

Juzi nilikuwa kwenye semina ya wahudumu wa afya, Biharamulo mjini. Mkufunzi akaandika ubaoni kwamba mgonjwa wa akili utamjua kwa kufanya mambo yasiyokubalika katika jamii yake. Wenzangu wakainama, wakanakili. Mimi nilifunga daftari nikatoka nje, maana niliona nitamtukana mtoto wa watu bure.

Nikupeleke kijijini Mabawe, mpakani na Burundi, ndugu yangu, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka mpaka. Nililelewa na bibi. Asubuhi nyumba ilinuka moshi wa kuni mbichi na maharage yaliyowekwa motoni tangu alfajiri. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji bondeni, na nilipenda kwenda na jirani yetu, mwanamke kutoka Burundi aliyepewa kibanda cha udongo nyuma ya migomba yetu. Alikuja peke yake, na jembe na sufuria moja. Aliniita "mwana wanje", yaani mwanangu, na ndiye aliyenifundisha kubeba ndoo kichwani bila kuishika.

Lakini watu walimsema. Kanisani alikaa benchi la mwisho, ameelekea mlangoni. Msibani, wenzake walipoangua kilio, yeye alichukua jembe akaenda kuchimba kaburi na wanaume. "Huyu si mzima," kina mama walisema kisimani, naye yupo palepale anasikia.

Masika yakaja, kibanda kikavuja. Aliwaomba wanaume wa kitongoji wamwezekee. Walikubali, hawakuja. Siku moja nikamkuta yuko juu ya paa, kanga ameikaza kiunoni, anapanga nyasi. Kwetu mwanamke kupanda paa ni mwiko. Tuliambiwa anawaletea mkosi watu wote.

"Mama, shuka! Watakuona!"

Hakugeuka. "Hata kwetu ni mwiko, mwana wanje. Lakini wa kunipandia wote wamebaki kule, mtoni tulikovukia."

Nilikimbia kumwita bibi aje amshushe kabla hajaonekana. Bibi akapitiliza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Muda si mrefu uwanja wa yule mama ulijaa watu, na mwenyekiti akaniita mbele yao.

"Ulipomwambia ashuke, alisemaje?"

Niliwatazama watu wazima wote wale, wamenikazia macho.

"Hakusema kitu, shikamoo," nilijibu, hata salamu ikatoka mahali pasipo pake.

"Mmesikia?" mwenyekiti akawageukia. "Hata sababu hana."

Wakamshusha. Wakamfunga mikono kwa mpira wa kufungia mizigo wa baiskeli ya mwenyekiti, wakampakia kwenye baiskeli hiyohiyo kumpeleka hospitali, wakisema ana wazimu. Alikuwa akiita kwa Kirundi, na wengi pale walikielewa vizuri. Bibi yangu, aliyenifundisha kusali, ndiye aliyemshika miguu.

Alirudi baada ya majuma kadhaa. Ulimi mzito, mikono inatetemeka, anaburuta miguu kama mzee. Sasa kanisani alikaa walipomweka. Msibani alilia alipoambiwa alie. "Amepona," wakasema, na mwenyekiti akapongezwa. Amepona! Neno hilo linanichoma mpaka leo. Mvua ilimdondokea begani ndani ya nyumba yake mwenyewe, naye ametulia, anaitazama sakafu ikilowa. Hakuna aliyekwenda kumwezekea hata hapo.

Nilikuwa nikimpelekea maji. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamwambia huku nalia kwamba niliwadanganya, kwamba sababu ya kupanda paa aliniambia nami nikaificha. Alinitazama kwa upole.

"Paa gani?" akauliza.

Wakimbizi waliporudishwa kwao, alipanda lori pamoja na wengine, akakaa alipoonyeshwa. Kibanda kikaanguka chenyewe. Leo pale pana mihogo, na ukiwauliza wanaoilima watakuambia hapakuwahi kukaa mtu. Bibi amekufa, mwenyekiti amekufa, wakasifiwa makaburini kwamba walikuwa watu wa desturi.

Mwanamke aliyewazika moyoni watu wote wa nyumba yake alitaka kulala pakavu. Basi. Wangeweza kumwuliza yeye mwenyewe. Alikuwa amesimama mbele yao, ana mdomo, na lugha yake waliijua. Badala yake waliniuliza mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Wao walikuwa na mingapi?