Kitabu Kilichopigwa Pasi

Mwalimu Tupokigwe hakugusa karatasi kabla ya kufuta vidole kwenye khanga yake, hata alipostaafu.

Mwaka 1996, tukifundisha wote shule ya Makandana, alimchapia Suad, mwanafunzi wetu asiyeona, kitabu kizima cha historia kwa mashine ya nukta nundu. Kikalowa mvua. Nikakipiga pasi, kama sote Tukuyu tunavyokausha sare. Nukta zikalala.

Suad alipapasa ukurasa, akaniuliza: "Mwalimu, mbona hamna kitu?"

Zilibaki wiki tatu mtihani ufike. Tupokigwe hakunigombeza, alianza upya, akafika nusu. Kwa nusu hiyo Suad alifaulu, kwa shida.

Juzi nilimkuta Tupokigwe kitandani, hoi. Akanikabidhi khanga yake.

"Imelowa jasho, mdogo wangu. Ianike tu. Pasi uiache."